Mlango wa Kugonga Kwanza

Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, kimya kidogo, halafu tena mara tatu. Mpaka leo nikisikia mtu anagonga chuma mahali, mkono wangu unatafuta ndoo wenyewe. Kilikuwa kijiko kikubwa cha kupakulia wali, na mama mmoja jirani yetu alikigonga kwenye reli ya ngazi za jengo letu, mtaa wa Albert Park. Reli ile inaanzia mlango wa chini na kupanda mpaka ghorofa ya kumi na moja bila kukatika, kwa hiyo ukiigonga popote, jengo zima linaisikia kwenye meno. Mara tatu maana yake maji yanakaribia kukatika, jazeni. Mara mbili maana yake shukeni chini, iko habari. Mara moja hakugonga kamwe. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mara moja mtu atafikiri ni sufuria imeanguka."

Tulimwita Mama Afya. Jina lake la nyumbani nilichelewa sana kulijua na sitaliandika hapa, kwa sababu yeye alikuwa anasema jina la mtu ni kama mswaki wake. Wazee walimwita Mama Afya, watoto walimwita Mama Afya, na mlinzi wa mlangoni, Mzulu, alimwita "Mama Afia" na kumpigia saluti. Kwao Uvira, Kongo, alikuwa muuguzi. Yeye hakusema muuguzi, alisema infirmière, na alilitoa hilo neno taratibu kama mtu anayetoa nguo ya Jumapili sandukuni. Hapa Durban diploma yake haikumfungulia mlango wowote, basi akauza mboga, sombe ya majani ya muhogo na lengalenga, pale kona karibu na robot, taa za barabarani. Mikono yake ilinukia majani mabichi na sabuni ya kipande, siku zote vyote viwili.

Mimi niliishi ghorofa ya nne na mama yangu, na nyuma ya pazia familia nyingine. Mama Afya aliishi ya tisa. Mama ana ugonjwa wa sukari, sindano zake zinakaa kwenye friji, na kitu hicho hakuna mtu wa jengo aliyekijua, hata wale wa nyuma ya pazia. Ndivyo alivyotaka. Alisema mwenye nyumba akisikia uko mgonjwa, kesho anakutafutia chumba kingine, na jirani akiona sindano anakutafutia ugonjwa mwingine. Kwa hiyo zilikaa ndani ya kopo la siagi, nasi tukanyamaza.

Nilimzoea Mama Afya kwa sababu ya nywele. Kanisa moja la mjini lilifungua ukumbi wake wiki mbili, watu wa kila mtaa wakafundishwa namna ya kuwaandaa majirani kwa mafuriko, kwa magonjwa ya kuhara, kwa homa za kuambukizana. Yeye alikwenda kila siku, akakaa mstari wa mbele. Walimpa kizibao cha kijani chenye mistari inayong'aa na boksi la vijitabu, nusu Kiingereza, nusu Kizulu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia sombe. Mimi niliacha shule darasa la tisa, lakini kusoma najua, na kusuka ndiyo kazi yangu. Tukapatana: nitamsuka bure, yeye atashika kijitabu mbele ya kifua chake, mimi nitamsomea kwa Kiswahili kwa nyuma juu ya bega.

Hakutafsiri, alirekebisha. Kijitabu kilisema mgonjwa akae chumba chake peke yake chenye hewa. Alicheka mpaka mistari niliyoichana ikaharibika.

"Chumba chake! Batu saba chumba moja, chake iko wapi? Andika hivi: mwenye anakohoa alale upande wa dirisha, na dirisha ifunguliwe."

"Na kama kuna baridi?"

"Avae soksi. Soksi iko bei rahisi kuliko jeneza."

Kijitabu kilisema kila familia iwe na begi la dharura lenye redio, tochi, filimbi, chakula cha siku tatu, na orodha ndefu ambayo ingejaza sanduku la kusafiria. Yeye alitupa mambo manne ya kuweka kwenye mfuko mmoja nyuma ya mlango: karatasi zako ndani ya plastiki, dawa zako za wiki, chupa ya maji, na namba tatu za simu zilizoandikwa kwa mkono. "Mais maman, namba ziko kwenye simu," kijana mmoja akamwambia. Akamuuliza namba ya mke wake kwa kichwa. Kijana akafungua mdomo, akafunga. Mke wake alikuwa amesimama hapohapo.

Lakini mambo ya kijiko ndiyo yaliyotuchosha wote. Maji ya mtu anayehara: lita moja ya maji safi yaliyochemka yakapoa, vijiko vinane vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Alitufundisha hayo kwenye ngazi, kwenye foleni, hata kwenye harusi moja kati ya wali na soda. Na kijiko lazima kiwe sawa, si kilima. Alikuwa anapitisha mgongo wa kisu juu yake, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayechora. "Chumvi ikizidi," alisema, "unamuumiza mtoto kwa mkono wa mapenzi." Mama mmoja wa ghorofa ya tano alipomjibu kwamba yeye anapima kwa macho tangu azaliwe, Mama Afya alirudi kwake siku tano mfululizo, saa ileile, na kisu mkononi. Siku ya sita yule mama alimfungulia akiwa na kisu chake mwenyewe.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, na uwongo mdogo mdogo haukumshinda. Alitukataza kabisa kupoteza maji, na ungemkuta anaosha sombe mara sita. Alichoma sindano maelfu ya watu lakini siku ya chanjo yake mwenyewe alinishika mkono mpaka kucha zikaacha alama, akamuuliza nesi kama hana sindano nyembamba zaidi. Alisema simu imeharibu vichwa vya watu, na yeye ndiye aliyekuwa anatuma sauti ndefu kuliko wote kwenye kundi la WhatsApp la jengo, dakika saba, nane, na katikati unamsikia anakatisha habari za mbu kumwambia mteja, "Hapana papa, kumi ni ya fungu moja."

Siku moja, wiki zile bomba zilipokauka ambazo nitazifikia, ilizunguka sauti ya mtu asiyejulikana kwamba maji tunayoletewa na lori yamewekwa dawa ya kufunga vizazi vya wageni. Lori limesimama barabarani, limejaa, na hakuna anayesogea. Mama Afya akagonga reli mara mbili. Tukashuka. Nilifikiri atahubiri. Yeye akachukua kikombe, akakinga kwenye bomba la lori, akanywa chote mbele yetu.

"Miye kizazi yangu ilishafunga duka zamani," akasema. "Lakini mukiniona na tumbo mwaka huu, mujue ni hii maji."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na foleni ikajipanga. Kwenye ngazi akanivuta sikio. "Nimekunywa bila kuchemsha. Mbele ya batu yote. Usiseme kwa mtu." Tumbo likamsumbua siku mbili. Alisema ni maharagwe.

Sasa nifike kwenye daftari, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma.

Kwenye mafunzo aliambiwa kwamba siku ya hatari huna muda wa kuuliza. Lazima ujue kabla: nani mjamzito, nani hawezi kushuka ngazi, nani anaishi kwa dawa ya kila siku. Ni kweli kabisa. Basi akanunua daftari la jalada gumu, akavaa kile kizibao cha kijani, akaanza ghorofa ya kumi na moja kushuka chini, na kalamu. Muko wangapi? Majina? Nani mgonjwa?

Wewe fikiria tu. Kizibao kama cha serikali, kalamu, daftari, maswali. Na nyuma ya ile milango ni watu ambao karatasi zao za hifadhi zimepita muda, watu tisa kwenye vyumba vilivyokodishwa kwa wanne, watu waliotoka kwao kwa sababu majina yao yaliandikwa mahali. Waliompenda, waliokula sombe yake, walimtazama machoni wakamdanganya. Ghorofa ya saba anaishi kijana anayetengeneza simu, yeye na wenzake watano. Akasema anaishi peke yake.

"Na hizi viatu?" Mama Afya akauliza. Mlangoni zilikuwa jozi sita.

"Zangu, Mama. Napenda viatu."

Akaandika: mmoja.

Alipofika kwetu nilifungua mimi. Nyuma ya mlango, mahali asipoweza kuona, mama yangu alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Hapa wote wazima, Mama Afya."

"Wote?"

"Wote."

Alinitazama kidogo, akaweka tiki. Mimi niliyekuwa namsomea vile vijitabu juu ya bega. Baadaye nilimuuliza kama aliamini. Akasema infirmière haamini wala hakatai, anaandika kile mgonjwa amesema.

Ile mvua watu wa Durban hawahitaji kusimuliwa. Ilinyesha kama mtu aliyesahau kufunga. Kule Cato Manor udongo wa vilima uliteremka na nyumba juu yake, mabomba makubwa yakapasuka, umeme ukaenda, na bomba za kwetu zikakohoa mara mbili zikanyamaza. Tulikuwa tumejaza ndoo, asante kijiko, lakini ndoo zinaisha. Watu wakaanza kukinga maji popote, kwenye makopo ya rangi, kwenye beseni za nguo, na kuhara kukaingia jengoni, kukapanda ngazi kama sisi wote. Mama Afya aliweka jiki, ile ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato, kwenye kila ndoo aliyoifikia, kijiko kidogo kimoja kwa ndoo kubwa ya lita ishirini na tano, subiri saa mbili ndipo unywe. Magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Hakuweza kugonga kila mlango wa ghorofa kumi na moja, basi alifuata daftari. Penye alama ya mgonjwa aligonga, asubuhi na jioni. Penye tiki alipita.

Siku ya nne mama aliamka anatapika. Aliniambia niende kwenye lori, ni tumbo tu. Nikaenda. Wale wa nyuma ya pazia walikuwa wametoka tangu alfajiri. Foleni ilikuwa mpaka robot ya pili, na nilipopanda na ndoo zangu jua lilikuwa katikati. Mama alikuwa amelala sakafuni karibu na friji. Friji ilikuwa na joto kama kabati, na dawa yake ndani. Midomo yake imekauka, anapumua haraka na kwa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi, na maneno yake hayashikani. Asubuhi ile Mama Afya alikuwa amepita kwenye ghorofa yetu. Mama alizisikia kandambili zake, alikuja kuniambia baadaye. Zilikuja, zikapita mlango wetu, zikasimama kwa jirani. Alitaka kuita, sauti ikakataa.

Niliacha ndoo mlangoni nikapanda ghorofa nne nikipiga kelele. Nilimkuta kwenye ngazi za ghorofa ya nane.

"Mama Afya, mama ana sukari! Nilikudanganya! Anachoma sindano kila siku, nilikudanganya!"

Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Sindano ya mwisho ilikuwa lini?" na tayari alikuwa anashuka, upande upande kama kaa, mkono kwenye reli. Kwetu alipiga magoti, akanusa pumzi ya mama. Mimi pia niliinusa, ilikuwa harufu ya tunda lililooza. Kikombe cha maji ya sukari na chumvi nilichokuwa nimeanza kukoroga akakisogeza pembeni.

"Hii si ya kijiko. Hii ni hospitali, na ni sasa."

Lifti ilikuwa imekufa. Aligonga reli mara mbili na kuita wanaume, na kutoka ghorofa ya saba wakateremka kijana wa simu na wenzake wote watano. Walimweka mama kwenye blanketi, sita, watatu kila upande, wakambeba ngazi zote mpaka gari la rafiki wa mlinzi. Mama Afya akawatazama mmoja mmoja wakipita.

"Aksanti sana," akamwambia kijana wa simu, "wewe mwenye kuishi peke yako."

Mama alilala hospitali siku nyingi, akarudi mwembamba, akarudi anadai chai. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kukimbilia kuisema, sasa nimeisema.

Nilikwenda kumwomba msamaha pale kwenye meza yake ya sombe. Nilikuwa nimejiandaa na machozi kabisa. Alinipa kisu na rundo la majani nikate.

"Kosa iko yangu," akasema. "Nilivaa kizibao nikaenda kuuliza batu wenye kukimbia vizibao. Miye mwenyewe karatasi yangu imekufa tangu mwaka jana. Mtu angekuja kwangu na kalamu, ningemwambia miye Mfaransa."

Daftari lile alililoweka kwenye ndoo ya maji machafu mbele ya mlango wa jengo, watu wanaona, mpaka wino ukawa chai. Kizibao akampa mlinzi, ambaye alikivaa kwa fahari kuelekezea magari. Halafu akachukua kitenge chake kimoja cha zamani, cha manjano chenye ndege, akakikata vipande virefu vyembamba. Alikaa kwenye ngazi za kila ghorofa, siku moja ghorofa moja, na nguo zake za kawaida, akasema maneno yaleyale.

"Sitaki jina. Sitaki karatasi. Sitaki kujua ugonjwa, wala muko wangapi. Mwenye anataka tugonge kwake kwanza siku ya hatari, afunge hii kwenye kitasa. Sababu ni ya kwake. Miye nitagonga tu."

Mtu akasema wezi watajua wapi kuna wagonjwa. "Mwizi akigonga kwanza," akajibu, "atakuwa mwizi wa kwanza mwenye adabu." Bado hakuna aliyenyoosha mkono. Ndipo mama yangu, aliyeficha sindano miaka yote ile kwenye kopo la siagi, akainuka akachukua kipande chake. Alikifunga mafundo mawili kwenye kitasa chetu, akavuta kuhakikisha. Mimi nililia hapohapo, na Mama Afya akaniambia nisilowanishe kitenge.

Baada ya hapo hakikubaki kipande. Wazee walifunga, wenye mimba walifunga, halafu wale wasio na mzee wala mimba wakaona aibu kubaki na kitasa kitupu. Ghorofa ya saba walifunga viwili.

"Munaumwa nini kule?" akawauliza.

"Usingizi mzito, Mama."

Alifikiri kidogo. "Dakor, sawa. Nyumba ikijaa maji, usingizi nayo ni ugonjwa." Na aliviacha.

Miaka imepita. Magoti yalimshinda kabisa, ghorofa ya tisa ikawa mbali kama Uvira, akahamia Isipingo, kusini ya mji, kwenye chumba kimoja cha nyuma, kwenye kiwanja cha watu. Milango minne imepangana, bomba moja katikati, na nyumba kubwa mbele. Binti yake yuko Johannesburg, anapiga simu Jumapili. Jumatatu moja saluni ninakosuka ikiwa imefungwa nikapanda taxi kwenda kumwona. Nilimwambia ndoto yangu ya kurudi shule na kusomea unesi, akanisikiliza kama mtu anayepima kijiko, akasema, "Kwanza ujue kunyamaza." Mimi sijui kunyamaza, tukacheka. Tulikula ugali na sombe. Halafu akavuta kopo la majani ya chai, akatoa kidonge, akameza bila kunitazama.

"Cha nini hicho?"

"Moyo. Inaruka ruka kama mwana-mbuzi. Siku ingine inanilaza chini."

"Hapa nani anajua?"

"Mungu."

"Na majirani?"

"Nitawasumbua juu ya nini? Miye mgeni hapa. Na mtu akijua uko mgonjwa, kesho anakutafutia chumba ingine."

Nilinyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza. Yalikuwa maneno ya mama yangu, moja baada ya jingine, na yeye pia aliyasikia yakitoka. Akaanza kuokota makombo ya ugali kwenye meza.

"Usinitazame vile."

"Sikutazami, Mama Afya."

"Unanitazama. Na hapa hawajui kitambaa ni nini, kabla hujaanza. Nikifunga watafikiri ni uchawi."

"Niende kuwaambia mimi?"

Nje mtu alikuwa anaanika nguo na kuimba kwa Kizulu. Mama Afya akakusanya sahani zetu mbili, akainuka kwa kushika meza, akatoka nazo mpaka kwenye bomba.

"Miye naosha vyombo," akasema. "Maji ikitiririka sisikii kitu."

Akalifungua mpaka mwisho, yule mwanamke, kwa sahani mbili.

Nilizunguka peke yangu mpaka nyumba kubwa ya mbele. Njiani nilikuwa nayapanga maneno, Kizulu changu ni cha saluni, najua kuuliza urefu wa msuko na kama maji yana moto sana. Mbwa alibweka, miguu ikataka kurudi, nikabisha hodi. Akafungua bibi mmoja mnene, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Nikamsalimia, nikamwita gogo, bibi kwa Kizulu, nikamwambia kwamba yule mama wa nyuma anaishi peke yake, na siku kukitokea lolote, maji, moto au homa, namwomba agonge kwake kabla ya kwingine kote.

"Anaumwa nini?" akauliza.

Nikamjibu kwamba hilo ni la kwake mwenyewe.

Bibi akanitazama. Akapangusa mikono kwenye aproni, akatoka mpaka kwenye kona ya nyumba, na mbwa nyuma yake, akaitazama ile milango minne.

"Upi?" akasema.

Nikanyoosha kidole.